Chumba cha Dharura na Kufuli Zake Mbili

UMOJA WA TUSHIKANE, DUBAI
Kumbukumbu za kikao cha pamoja cha Kamati Kuu na Baraza la Matawi

Tarehe: Ijumaa, 14 Novemba 2025
Mahali: Ukumbi wa juu, mgahawa wa Bwana Tamim, Al Nahda

Waliohudhuria:
Harrison Mwendwa – Mwenyekiti wa Umoja
Saif Nassor – Spika wa Baraza la Matawi
Bi. Khamisa Juma – Mjumbe wa Baraza, Al Nahda
Jamiru Ssebunya – Mjumbe wa Baraza, Jebel Ali
Onesmus Kilonzo – Katibu

Aliyetoa udhuru: Nick Wafula – Mjumbe wa Baraza, International City (yuko zamu)

Mwalikwa: Judy Atieno, mwanachama (alisubiri nje, kwenye ngazi, na sanduku lake)

KUMB. NA. 1/11/2025: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilichelewa kwa kuwa Mwenyekiti na Spika hawakukubaliana nani akifungue. Hatimaye walikifungua wote wawili, kila mmoja kwa dua yake.

KUMB. NA. 2/11/2025: OMBI LA JUDY
Katibu alieleza kwamba Judy, mlinzi, ameachishwa kazi na ametakiwa ahame bweni la kampuni leo hii. Hana pa kulala. Umoja una chumba cha dharura International City, chenye kitanda na godoro ambalo halijavuliwa nailoni tangu linunuliwe. Mlango una kufuli mbili: ufunguo mmoja anao Mwenyekiti, wa pili anao Spika.

Mwenyekiti alisema kwamba yeye amechaguliwa kwa kura za wanachama wote, kwa hiyo Spika alete ufunguo tu. Spika alijibu kwamba bila idhini ya Baraza mlango haufunguliwi, na kwamba amechoka kufanywa bawabu.

KUMB. NA. 3/11/2025: ASILI YA KUFULI MBILI
Ajenda hii haikuwepo. Iliingia yenyewe, kama kawaida.

Jamiru alikumbusha kwamba Umoja ulizaliwa kwa kuunganisha vyama viwili: cha wafanyakazi kutoka bara, ambao ni wengi, na cha familia za Kizanzibari, ambazo ni chache lakini za zamani hapa. Wengi walidai mwenyekiti wa kura za wote. Wachache walidai Baraza ambamo kila tawi lina kura sawa. Kila upande ulipewa ulichotaka, na mlango ukatiwa kufuli mbili ili asiwepo wa kumpa ndugu yake chumba kwa siri. Tangu uchaguzi uliopita pande hizo zishike kila upande chombo chake, hakuna azimio lililopita kwa Mwenyekiti na kwa Baraza pia, hata la kununua birika.

Spika alisema: "Sisi visiwani tuna serikali yetu ndani ya Muungano. Tunajua mdogo asipojilinda humezwa."

Mwenyekiti alijibu: "Na sisi kaunti tulizipigania tukichoka kuamuliwa kila kitu Nairobi. Usinifunze ugatuzi, bana."

Mjadala uliendelea. Katibu anakiri kwamba hakuandika yote, kwa kuwa ameshayaandika katika vikao vilivyopita.

Bi. Khamisa alisema: "Khalas, yatosha. Mtoto wa watu yuko ngazini, nyinyi mnasomeshana historia." Alichukua mkoba wake akatoka. Mwenyekiti na Spika walimtaka Katibu aandike kwamba ametoka bila ruhusa. Katika hilo walikubaliana papo hapo. Limeandikwa.

KUMB. NA. 4/11/2025: AZIMIO
Baada ya chai ya tatu, Mwenyekiti na Spika walikubali kutoa funguo zote mbili. Katibu alifurahi mno, akatoka mbio kumwita Judy. Ngazini hapakuwa na mtu.

Bwana Tamim alieleza kwamba Bi. Khamisa alimwambia Judy, "Inuka mwanangu, twende. Mlango wangu una ufunguo mmoja tu," wakashuka pamoja.

Mwenyekiti alipendekeza Bi. Khamisa ashukuriwe. Spika alisema kumshukuru mjumbe wa Baraza ni kazi ya Baraza, na kwamba alipotoka Baraza lilikosa akidi, hivyo azimio la funguo ni batili. Kila mmoja alirudisha ufunguo wake mfukoni.

KUMB. NA. 5/11/2025: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilivunjika saa 3:10 usiku. Hakuna aliyekifunga.

Mwenyekiti: (atatia sahihi Spika akishatia)

Spika: (atatia sahihi Mwenyekiti akishatia)

Katibu: O. Kilonzo. Judy amelala kwa Bi. Khamisa. Godoro bado limo ndani ya nailoni.