Kifungo cha Shati: kwa Dada Yetu Fundi

"Angekuwa na haya, asingesogelea hata ukuta huu!"

Unamsikia, Dada? Huyo ni muuza mkaa, jirani yetu wa upande wa kulia. Hayo aliyasema Jumamosi iliyopita nje ya geti letu, mikono kiunoni, kwa sauti ya kufika barabara ya lami. Kinyozi naye akatoka dukani kwake na mashine mkononi, mteja amemwacha nusu kichwa.

"Haya ya nini, mama? Mtu kuja kwenye kumbukumbu ya mwenzake ni kosa?"

"Mwenzake! Mwenzake gani unamtupa ugenini peke yake?"

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini nimesikia!"

"Haya, ndiyo shida yetu. Mtaa huu una masikio mengi kuliko vichwa."

Na waliyekuwa wakimgombania amesimama katikati yao kama kiti cha mnadani. Ni Sauti ya Kwanza, Dada. Yuleyule uliyetumwa naye misheni.

Mwaka umetimia tangu ulipotutoka. Tulikuwa tumekusanyika kwa ibada ya kukukumbuka, na nyumba ilijaa mpaka watoto wakakalia ndoo. Wewe ungenung'unika kwamba kelele zetu zinakuharibia mishono, halafu ungeuliza nani hajapata chai.

Tunakukumbuka ukiongea na pini midomoni, na sisi tukielewa kila neno. Mtoto wa mtu akipita na pindo limefumuka, ulimshika papo hapo: "Simama. Usipumue." Ukamshonea nguo ikiwa mwilini, ukakata uzi kwa meno, ukamsukuma aende zake. Ukikasirika hukugomba na mtu. Ulikanyaga cherehani bila kitambaa, tukajua leo tutembee kwa vidole. Na kuimba, Dada, tusidanganyane siku kama ya leo: ulikuwa unaimba vibaya, tena kwa moyo wote.

Kanisa liliwatuma wawili, wewe kufundisha ushonaji, mwenzako kuanzisha kwaya. Jina lake la utani lilitokana na kwaya yetu, maana hapa nyumbani hakuna aliyemfikia kwenye sauti ya kwanza. Tuliwasindikiza stendi kwa machozi. Tulidhani mnakwenda kukutana na mateso makubwa, tukawafungashia maombi makubwa makubwa. Kumbe yaliyowangoja huko yalikuwa madogo, na kwa madogo hakuna aliyekuwa amewaombea.

Ulipopiga simu mara ya kwanza tulikuweka spika, nyumba nzima ikasikiliza, na majirani wawili watatu ambao hawakualikwa.

"Chumba nimepewa, chenye dirisha kama walivyoahidi," ukasema. "Nimelifungua nimekuta ukuta wa jirani. Nikitoa ulimi naulamba."

Sisi tukacheka. Wewe ukalia. Mama akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu, huku madirisha yapo."

Hukurudi. Cherehani ikakufikia bila mkanda. Siku ya kwanza ya darasa walikuja wanawake wawili, na mmoja alikuwa anauliza njia ya zahanati. Sauti ya Kwanza naye akaambiwa asante sana, kwaya tunayo, akapewa nafasi kwenye benchi la nyuma aimbe sauti ya pili. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kupita. Kwake lilikuwa jina lake lote. Mvua hazijaisha, akafunga begi akapanda basi.

Baada ya hapo ulikaa kimya, mpaka jioni moja ukapiga.

"Leo nimeshona shati la mtoto wa mchungaji, kifungo cha mwisho kikanipotea. Nimepekua chumba kizima, chini ya kitanda, ndani ya viatu. Nikakaa sakafuni nikalia. Nikamwambia Mungu, umenileta huku kunitesa tu. Halafu nikajisikia nilivyosema. Jamani! Kifungo! Kifungo cha shati, mimi nimekigeuza kuwa cha jela!"

Ukacheka mpaka simu ikakoroma. Kisha ukasema taratibu, tukalazimika kuwanyamazisha watoto ili tukusikie: "Mungu niliyemwacha kwetu nimemkuta huku, tena alitangulia kufika. Dirisha sina, mwenzangu sina, kifungo sina. Nitamwambia hivyo hivyo, bila chumvi. Nikikosa dirisha nimekosa dirisha. Nisije nikalikuza mpaka nikasema nimemkosa yeye."

Tangu hapo neno lako likawa la nyumba nzima. Kaka alipokosa kazi ya bandarini alikuja na uso mrefu, Mama akamuuliza, "Cha shati au cha jela?" Kaka akafikiri. "Cha shati, Mama. Lakini lilikuwa shati zuri." Kinyozi naye akalichukua, siku hizi analitumia dukani kama lake, wala hataji alikolitoa.

Lakini hukuwahi kumdharau mtu kwa kilio chake. Baba alipofariki na barabara zimefungwa na maji, ukashindwa kuja kumzika, ulimi wangu ulikuwa karibu kuteleza nikuambie ni cha shati. Ukaniwahi. "Hapana, mdogo wangu. Hiki ni cha jela kabisa. Nitakitumikia, na Bwana ataketi nami humo ndani." Ukazima simu. Kesho yake ulifundisha.

Ulipomaliza utumishi wako hukuacha jengo lenye jina lako. Uliacha wanawake wanaojua kupima, kukata na kupindia, na kikundi cha kuombeana kinachokutana chumbani kwako, kwenye lile dirisha la ukuta. Wametupigia simu wiki hii. Wote walizungumza kwa pamoja, hatukuelewa kitu, tukafurahi sana.

Sasa turudi kwa mwenzako. Tangu aliporudi, watu wa kanisani walimpa mgongo na yeye akawapa wa kwake. Uliporudi nawe ulimbishia hodi, akazima redio ili uone hayupo. Ulipoanza kuumwa, Mama akapata wa kumlaumu. "Angebaki naye, mwanangu angekuwa na wa kumkorogea uji alipoanza kuchoka. Huyo hataingia nyumbani kwangu nikiwa hai." Wewe ulikuwa kitandani, ukamsikia. Ukasema na Mama yupo, tena kwa sauti: "Alichoka kabla yangu, basi. Ningeweza kuchoka mimi kwanza. Akija, msimfanye aeleze." Mama akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa motoni. Siku ya maziko yako, Sauti ya Kwanza alisimama ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyemwita.

Ndiyo maana Jumamosi kila mtu alikuwa anatazama geti na kumtazama Mama. Muuza mkaa alipotua kuvuta pumzi, Sauti ya Kwanza ndipo akafungua mdomo.

"Sikuja kukaa. Nataka kusikia jina lake likitajwa tu. Nitasikilizia hapa hapa nje."

Mama akainamia kitabu cha nyimbo. Mchungaji wetu akakohoa, akasema tuanze. Tukaimba wimbo ule uliokuwa ukiuharibu kila Jumapili, na sisi bila wewe tukauharibu vilevile, kila mtu na njia yake. Ubeti wa pili ukaanza, tukasikia kitu kimeingia chini ya sauti zetu, kimetushika, kimetunyoosha. Kinatoka getini. Haikuwa sauti ya kwanza, Dada. Aliimba ya pili, chini, polepole, akituachia sisi ya juu tuivuruge. Muuza mkaa akakaa kwenye gunia lake. Mama akainua kichwa.

Tunaokukumbuka ni Mama yako, kaka yako na mkewe, mimi mdogo wako na shemeji yako, watoto wetu, ambao mapindo yao sasa tunawashonea kombo sisi wenyewe, mashangazi na wajomba, wanakikundi wako wa huko misheni, kinyozi, na muuza mkaa, anayesema naye aandikwe maana aliyasema yote kwa uchungu wa kukupenda. Siku zitakwenda, wewe hutatutoka moyoni.

Na kwa kuwa ulizoea kutukemea kwa umbea halafu ukauliza uliishaje, uliishia hivi. Mama aliondoka kabla ya amina, akaenda getini, akasimama mbele yake.

"Ulimwacha mwanangu peke yake."

"Ndiyo, Mama."

"Niliumia."

"Najua, Mama."

Tukaona mdomo wa Sauti ya Kwanza unataka kuendelea, kueleza. Mama akamwinulia mkono.

"Basi. Usieleze. Pita ndani, mwanangu. Keti hapa kwangu, tule."