Mwiba wa Urumba

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu zikufikie huko Eldoret. Sisi hapa Mtopanga tu wazima. Mama yako bado auza nazi Kongowea, na ule mgongo wake umepoa.

Umeniuliza doa jeusi kwenye wayo wangu ni la nini. Ni mwiba wa urumba, yule mnyama mviringo wa miambani mwenye miiba kama sindano. Nilikuwa msichana, tukikaa Likoni. Mimi na dada yangu Kadzo tulikuwa tumenuniana mwezi mzima kwa ajili ya kanga. Siku moja maji yalipokupwa, mama akatutuma sote wawili kutafuta pweza. Kadzo akatangulia na ndoo. Mimi nikaokota kiti cha pweza, kile kiumbe cha bahari chenye umbo la nyota, chekundu, mikono mitano, nikawa nakitazama huku natembea. Ndipo nilipomkanyaga urumba.

Miiba ilikatikia ndani. Maji yakaanza kujaa, nami kwa kiburi sikumwita. Niliketi jiweni hadi yakanifika magotini. Mara nikamwona Kadzo anarudi mbio, ndoo ameiacha. Akanibeba mgongoni.

"Na pweza je?" nikamwuliza.

"Nyamaza, wanizidishia uzito."

Nyumbani alinipaka utomvu wa papai, miiba ikatoka isipokuwa mmoja. Nikamwuliza alijuaje kwamba nimeumia, na mimi sikupiga kelele.

"Nilikuwa nikikutazama tangu tufike," akasema, akaendelea kunifunga kitambaa.

Mwezi ule wote nilidhani hanioni.

Ni mimi bibi yako,
Dama