Klasi Yenye Jina la Bwana Rahisi

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, unakula na unalala. Huku hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu, na kila asubuhi anauliza kama umekonda. Nimemjibu kwamba hukuwa na cha kukonda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema uliongeza nafasi ya namba ya simu ya mpokeaji, kazi ya dakika tano, na mizigo yote ghalani ikaanza kuonyesha uzito wa sifuri. Unasema mkuu wenu, Bwana Rahisi, amekuambia mbele ya wenzako kwamba hujui kazi, na kwamba Jumatatu, miezi yako mitatu ya majaribio ikiisha, atakutoa. Kisha unasema labda kweli huna kichwa cha programu. Hapo niliiweka barua chini nikatoka nje kuvuta pumzi.

Mfumo ule wa mizigo niliuandika mimi, miaka miwili, kwenye meza ya karibu na choo, ile yenye mguu uliotegemezwa kwa kitabu. Niliugawa vipande vipande, kila klasi na kazi yake: ya Mzigo ilijua uzito wake, ya Gari nafasi yake, ya Mpokeaji anwani yake. Hakuna aliyefunua chungu cha mwenzake. Kila kitu kilikuwa na jina linalosema kinachofanya. Karani wa ghala, ambaye hajawahi kuandika programu, aliusoma ukurasa mmoja akiwa nyuma ya bega langu, akaniambia kwamba ameelewa, akacheka kwa furaha. Sifa ile sijaisahau.

Nayo ndiyo iliyoniponza. Mkuu wetu, ambaye tulimwita Bwana Rahisi kwa kuwa kazi ya kila mtu kwake ni rahisi tu, alisema kama hata karani anaelewa, basi hapakuwa na kazi hapo. Unajua pale ofisini kila klasi hubeba juu yake jina la aliyeiandika. Asubuhi moja nikakuta langu limefutwa kote, la kwake limekaa. Akapanda cheo kwa mfumo huo, mimi nikapewa mwezi mmoja wa kumalizia niondoke. Nyumbani niliwaambia nimechoka na kazi. Uongo mtupu. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Uliniuliza ni nani aliyeandika takataka ile. Ni mimi. Mwezi ule sikumalizia kitu, nilisokota. Nilichukua klasi kumi na nne safi nikazishindilia karibu zote katika moja ya mistari elfu tatu, nikaiita Kitu. Kazi zake nikaziita fanya, fanya2 na fanyaTena. Mzigo nikaufanya urithi kutoka kwa Gari, Gari kutoka kwa Mpokeaji, ukoo ambao hata shetani hawezi kuufuata. Uzito nikauficha ndani ya taarifa za mpokeaji, ndiyo maana ulipogusa simu mizani ikafa. Mfumo ulienda vizuri kabisa ilimradi asiuguse mtu. Jina lake pale juu nililiacha palepale. Siku ya mwisho nilishuka ngazi nikicheka peke yangu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema. Mimi nilichimba, ukatumbukia wewe. Ulipopata nafasi pale nilikupongeza nikanyamaza, kwa aibu. Nisamehe, mdogo wangu. Kichwa unacho, hakuna kichwa ambacho kingeweza kusoma uchafu ule, nami ndivyo nilivyokusudia.

Humu bahashani nimeweka flashi yenye mfumo wa awali, ule safi, na jina langu likiwa juu. Usiutoe mapema. Jumatatu akianza kukusema, mwombe kwa adabu aeleze mbele ya wote klasi ya Kitu inafanya nini, mstari kwa mstari, maana jina ni lake. Kisha nyamaza. Usimsaidie hata neno moja. Hawezi kusema si yake bila kusema alimnyang'anya nani.

Akishaishiwa, chomeka flashi. Kama yule karani bado yupo, mwombe asome yeye, kwa sauti, kuanzia jina la juu.

Mama anakusalimu, anasema ule.

Dada yako,
aliyeandika mifumo yote miwili