Bega la Kushoto

4 Februari

Kaka,

Nakuamkia kwanza, maana Mama ataniuliza kama nilikuamkia. Shikamoo. Mimi mzima, koo tu limekwaruzika. Mama mafua yamemwacha?

Sasa nikuulize tena, kwa kuwa simu hupokei. Siku ya onyesho ulikuwa na nini? Ukumbi umejaa, meneja amewaleta watu wa kampuni ya muziki wamekaa mbele, na wewe kila kiitikio unaingia umechelewa, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Najua nilikufokea mbele ya watu nyuma ya jukwaa. Lakini ungejibu. Ungesema hata "nyamaza, Kelele", kama kawaida yako. Wewe ukafungasha vijiti vyako vya dramu, ukaenda kupanda basi.

Kampuni wametuchukua pamoja na yote hayo. Tunarekodi albamu. Mpiga dramu wameniletea wa kwao, kijana msafi, ananukia. Anapiga sawasawa kama saa ya ukutani, na nyimbo zangu za roki zinalala fofofo. Njoo.

Mdogo wako,
Kelele

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua ya Mama yamekwisha, sasa anakohoa kwa ajili ya wageni tu.

Karakana ina kazi. Kuna shule inataka madirisha ya chuma, na mwenye shule anayataka kabla hajaamua vipimo. Siwezi kuja. Huyo kijana anayenukia mzoee. Kupiga sawasawa si ugonjwa.

Usiimbe na koo bovu. Na lile koti la ngozi walilokuvisha siku ya onyesho limekukaa kama kabati.

Kaka yako

2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini madirisha yanaendelea na Mama anapata wageni. Mimi sijambo, hasira tu.

Yote niliyokuuliza umeyaacha, ukajibu koti. Koti ni la meneja. Anasema mwimbaji wa roki lazima aonekane mpaka kiti cha mwisho.

Tumekwama kwenye "Geti". Unakumbuka wimbo huo ulivyozaliwa: mimi nimekaa juu ya mtungi wa gesi pale karakana, wewe unagonga mabati, naimba habari ya Mama asiyetaka geti lifungwe tangu Baba aondoke. Kwenye kiitikio wewe huingia mapema, neno langu halijaisha, kama mtu anayesukuma geti kabla hajakaribishwa. Wimbo wote uko pale. Mtayarishaji wa albamu anaita hilo kosa. Kijana naye akijaribu kuwahi, anawahi kwa kuhesabu, na hapo linakuwa kosa kweli.

Nitakutumia sauti yangu kwa simu. Piga dramu juu yake, ujirekodi, unirudishie. Hilo tu.

Mdogo wako,
Kelele

11 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Nilituma sauti. Kimya. Nikatuma tena. Kimya. Mama anasema unakula vizuri na unacheka na wateja, kwa hiyo mikono unayo na mdomo unao. Kama hutaki, sema hutaki. Mtayarishaji anajiandaa kuunyoosha wimbo kwa kompyuta.

Sitakuomba tena.

Mdogo wako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Mimi sijambo, kasoro masikio.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. La kushoto limekufa, la kulia linabagua. Ni mashine ya kukatia chuma na nyundo, daktari alishanieleza. Simu sipokei kwa sababu hiyo. Sauti uliyotuma niliiweka sikioni, nikapata mbu.

Wewe sikusikii unapoimba. Ni muda mrefu sasa. Besi inanifikia kupitia kiti, naisikia kwa makalio. Wewe nakuangalia. Kabla hujavuta pumzi ya kiitikio, bega lako la kushoto hupanda. Likipanda, napiga. Ndiyo maana nawahi: naingia na bega, si na sauti.

Siku ya onyesho walikuvisha kabati. Bega sikuliona. Nikawa nangoja mpaka mdomo wako ufunguke, na mdomo ukishafunguka mtu ameshachelewa.

Sikukwambia kwa sababu ungeanza kuniimbia kwa huruma. Roki ya huruma siipigi.

Kaka yako

9 Mei

Kaka,

Shikamoo, na nimeiandika kwa herufi kubwa usije ukasema hukuisikia.

Nina hasira mpya. Mara ngapi nimekuita barabarani ukapita, nikadhani unajidai! Mama alijua? Usijibu. Alijua.

Nilivua koti, nikamwambia kijana aliangalie bega. Alijitahidi, maskini. Aliliangalia kama dereva anayesubiri taa iwe ya kijani. Safari moja akaingia palepale, nywele zikanisimama. Kesho yake nakuta mtayarishaji ameshapanyoosha. Nikamwambia, "Hapo hapakuwa na kosa. Kaka yangu huingia na bega." Akacheka. "Dada, msikilizaji haoni bega." Meneja akasema wimbo usionyooka hautoki. Nikasema basi usitoke.

Kwa hiyo albamu inatoka bila "Geti", wimbo ulionifanya nitake albamu. Nimepiga spika teke. Spika nzima, kidole changu kimevimba.

Lakini mkataba unasema wimbo walioukataa unabaki wangu. Mpiga besi wetu ana mashine ndogo ya kurekodia. Mwisho wa mwezi tunakuja karakana. Ukiniambia habari za madirisha, nitayavunja.

Mdogo wako,
Kelele

17 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Imesikika. Mama mzima, anagombana na magodoro kuhusu nani atalala wapi.

Madirisha ya shule yamekwisha. Yamekuwa makubwa kuliko matundu, na mwenye shule analaumu ukuta.

Dramu nimezitoa nyuma ya mabati, nimezifuta. Kiti nimekichomelea kwenye bamba la chuma, besi ipande vizuri. Mwambie mpiga besi spika yake ailaze juu ya bamba hilohilo, asinionee haya. Wewe utasimama mlangoni, mwanga ukupate.

Koti liache hukohuko.

Kaka yako