Mpira Usio na Refa

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi ulichonisimulia kimeshakuacha. Huku sisi ni wazima kabisa. Mimi bado niko kwenye kaunta ya duka la dawa. Miguu inauma lakini moyo haulalamiki. Baba naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu, maana kwenye simu ningecheka tu mpaka salio likate.

Kifurushi chako kilifika salama. Ile mashine ndogo ya gemu uliyomtumia Baba, yenye mpira wa kikapu ndani yake, aliipokea kwa vidole viwili kama aliyepewa panya aliyekufa. Alisema asante, akaiweka juu ya kabati, akarudi dirishani. Unajua alivyokuwa tangu magoti yamtoe uwanjani. Miaka yote ile ya urefa wa kikapu, halafu ghafla hana wa kumpulizia filimbi. Alikuwa akikaa pale mchana kutwa, jibu lake ni "mmh", na chakula anakichokonoa tu. Nilishaanza kuingiwa na hofu.

Basi jioni moja nikaishusha mwenyewe, nikajitupa kwenye kochi, nikacheza. Gemu lenyewe halina adabu, dada. Wanacheza wawili kwa wawili, wanaruka mpaka karibu na paa, wanapinduka hewani kabla ya kudumbukiza, na mtu akifunga mfululizo mpira unamwakia moto mikononi. Zaidi ya yote, kuna kitufe cha kusukuma. Nilimsukuma mtu akaanguka kifudifudi, nikamnyang'anya mpira, nikafunga. Mara nikasikia nyuma yangu, "Faulo! Hiyo ni faulo!"

Kugeuka, Baba amesimama bila fimbo yake, kidole kakielekeza kwenye skrini. Akaniuliza refa yuko wapi. Nikamwambia hakuna. Akataka kujua ni ligi gani hiyo isiyo na refa na nani kaisajili. Kisha akaniomba mashine aangalie vizuri, labda refa yuko upande ambao mimi siuoni.

Hakuirudisha. Asubuhi nilimkuta kainamia skrini, chai imepoa ubavuni. Mwanzoni alikataa katakata kukigusa kile kitufe; mashine ikimchapa, anasema bora kufungwa kwa heshima. Mpaka siku moja wakamwangusha mtu wake akiwa hewani anataka kufunga. Nilikuwa jikoni, nikamsikia, "Ahaa! Kumbe!" Tangu hapo kitufe hakikupata amani. Alikibonyeza mpaka kikanasa.

Akanuna siku nzima. Nikamwambia namjua fundi simu mmoja mwenye mkono mzuri. Akasema mwite, hata sasa hivi.

Dada, aliyekuja ni Twiga. Ndiyo, Twiga yuleyule ambaye Baba alimtoa kwenye fainali kwa kusukuma, akavua jezi na kumtupia Baba miguuni mbele ya uwanja mzima. Unakumbuka Baba hakutaka hata kulitamka jina lake. Akimtaja ni "yule wa jezi". Twiga akainama kupita mlangoni, akamwamkia Baba. Baba akaitikia kwa taabu. Mimi nikakimbilia jikoni, nikamletea mgeni chai. Twiga akatoa bisibisi nyembamba, akafungua, akasafisha kwa pamba na spiriti, kitufe kikarudi kubonyea.

Baba akasema hapokei kitu bila kukijaribu, na hawezi kukijaribu peke yake. Mashine ile inagawanyika: vishikio vya pembeni vyenye vitufe vinachomoka, kila mmoja akashika chake, skrini ikasimama mezani. Baba akamsukuma Twiga, akamsukuma tena, akamlaza kila kona ya uwanja. Twiga hakusukuma hata mara moja. Baba akasimamisha mchezo, akamkazia macho. "Unanionea huruma?"

Twiga akajibu taratibu, "Hapana, mzee. Siku ile ulinitoa kwa kusukuma. Tangu hapo nimeacha."

Baba alicheka, dada! Cheko lile la zamani, la kutoka tumboni, mpaka akashikilia meza na machozi yakamtoka. Alipopata pumzi akasema, "Basi leo hakuna refa. Nisukume, kijana." Wakasukumana mpaka nikawasha taa. Katikati ya mchezo Twiga akaomba radhi kwa ile jezi. Baba akamwambia kilichomuudhi si kutupiwa, ni kwamba ilikuwa inanuka.

Siku hizi Twiga akifunga kibanda chake anapitia hapa. Baba anakula, anachana nywele, na akikaa dirishani ujue anamngoja mtu.

Sasa nikuambie lililobaki, na usipige kelele huko wodini mbele ya wagonjwa wako. Twiga si fundi niliyemjua hivihivi tu. Tunapendana, na huu ni mwaka wa pili. Nilikuficha hata wewe kwa kuogopa jina lile kutajwa humu ndani. Jumapili nikajikaza nimwambie Baba. Nikakaa mbele yake, nikakohoa, nikaanza kuzungusha maneno. Hakuinua hata macho kutoka kwenye gemu lake.

"Mwanangu," akasema, "refa mzuri hatazami mpira tu, anawatazama na wasio na mpira. Mtu kaingia kwangu mara ya kwanza, wewe unamletea chai na wala humuulizi sukari ngapi. Nilijua siku ileile." Akaongeza kwamba alikuwa akisubiri tu tuseme wenyewe, na kwamba wazee wa Twiga waje, mlango uko wazi. Nikamwangukia begani nikilia. Akalalamika kwamba namfanya afungwe.

Kwa hiyo, dada, anza kuomba likizo. Bila wewe sivai gauni lolote. Baba anakusalimu sana, na anasema shemeji afanye mazoezi, maana hatamhurumia ati kwa kuwa ni mkwe. Twiga naye anakuamkia, kwa aibu zake zote. Mbusu shemeji kwa niaba yetu. Naishia hapa, nasikia hodi, na Baba keshaitikia kabla yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba