Maneno ya Kumupa Mama Mukwe

Mujukuu wangu Chola,

Huku Nchelenge tuko wazima, na kaka yako amepata mutoto mwanamuke. Shangazi yako njo anaandika. Mimi ninasema tu.

Umeniuliza umuambie mama ya bwana wako maneno gani ya heshima, sababu anakunyamazia na unaogopa hakutaki. Mama ya babu yako naye alininyamazia, kule Mununga. Nikamusifu asubuhi, nikamusifu magaribi: "Mama, hakuna kama ninyi." Akajibu, "Huyu mutoto anatafuta nini kwangu?"

Nikachoka kusifu. Siku moja alikuwa anakausha samaki juu ya moto, na wa kwake walikuwa hawaungui. Nikapiga magoti, nikapiga makofi polepole ya heshima. "Mama, munifundishe."

Akaniangalia sana. "Moshi itakuliza."

"Inilize tu."

Akasogea, nikakaa kando yake. Moshi ikatuliza wote wawili, mpaka yeye akaanza kucheka.

Chola, angalia kitu ambacho mikono yake inajua, umuombe akuonyeshe. Na akikataa kusogea, uniambie. Nitapanda basi mimi mwenyewe, nije nimuulize mama mukwe wako, mujukuu wangu amemukosea nini.

Kambo yako, bibi yako anayekupenda