Lile Jeupe la Kwenye Picha Haliji

Itigi, Jumatano asubuhi

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Nakusalimu kwa upendo wote uliobaki baada ya wiki mbili za kukimbizana na magari ya watu. Habari za hapo nyumbani? Mguu wa mama unaendeleaje, na kile kikohozi chake cha vumbi kimepungua? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma mstari mwingine, maana najua atakuuliza kama nimemkumbuka. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi umenihama. Huo si ugonjwa, utaelewa ukifika mbele.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na salio limo. Nimeandika kwa sababu nakujua. Nikipiga utaweka spika, mama atasogea, kaka Elia ataacha alichokuwa anafanya, na kabla sijamaliza salamu yule jirani yetu Mama Tatu atakuwa ameshafika kuomba chumvi. Ninayotaka kusema leo nataka uyasikie wewe kwanza, peke yako. Isomee huko jikoni, halafu wewe ndiye utakayejua wengine uwaambieje. Anayekuletea ni dada Rehema, yule ninayemchongea mizinga ya nyuki. Anakuja Kiomboi na asali yake, mpe hata uji.

Haya. Lile gari jeupe la kwenye picha haliji.

Kaa kidogo, usome taratibu. Najua picha imeshatembea. Uliniambia mwenyewe kwamba mama aliibusu simu, na kaka akaipeleka mpaka kwa mwinjilisti, na kuna watu watatu wanabishana nani alizeti yake itatangulia kupakiwa. Kosa ni langu. Niliipiga ile picha na kukutumia kabla fundi hajafungua hata boneti. Niliona linang'aa, nikasahau umri wangu.

Na sijasahau tulichokiweka rehani, usifikiri nacheka tu huku. Mimi ndiye niliyesema tuuze maksai wote wanne. Mimi ndiye niliyesema tukiwa na pikapu ngumu ya dizeli tutabeba vitunguu na alizeti zetu na za watu, na trekta ya kukodi tutaipata kwa nauli hiyo hiyo. Kaka Elia, aliyewafundisha wale maksai kuvuta tangu wakiwa ndama, hakuja mnadani siku ile. Alisema ana homa, na mimi nikajifanya nimeamini. Sasa mawingu yameanza kukusanyika hata huku Itigi. Mvua ikishuka nami nimewaletea gari bovu, basi hatuna gari na hatuna maksai. Ni wewe na kaka na jembe la mkono. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Nilikwenda Singida na Fundi Ramadhani, jirani yangu hapa karakana, mtu aliyezeekea chini ya malori. Si msemaji. Anasikiliza injini amelaza kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala. Lile jeupe lilikuwa kwa kijana mmoja wa mjini, mwenye maneno matamu na viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo kwa Singida peke yake lilitosha kunitia shaka. Tulipofika gari lilikuwa linanguruma tayari. Liliitika vizuri, Mama Neema, mimi nikapiga picha.

Fundi akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Akamwomba kijana alizime, lipumzike mpaka atakaporudi kutoka kuswali adhuhuri. Kijana akasema betri inahitaji kujaa. Fundi akasema tutasubiri. Kijana akasema ana mteja mwingine njiani. Fundi akasema huyo naye tutamsubiri. Akaenda msikitini, akaniacha mimi mlinzi, na nakuambia kijana yule alijaribu mara mbili kuliwasha kwa kisingizio cha kulisogeza kivulini.

Fundi hakuwa na haraka ya kurudi. Aliporudi injini imepoa. Stata ikakoroma, ikakoroma, mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Lilipokubali likatoa moshi wa bluu mpaka mama lishe wa jirani akafunika sufuria zake. Fundi akafungua kifuniko cha oili huku injini inazunguka, moshi ukapanda kama chungu cha pombe kinachochemka. Oili yenyewe ilikuwa nzito kama uji wa mtama. Akaniita pembeni, akaniambia wamelinywesha oili nzito kuficha injini iliyochoka.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Wewe unanikumbuka na yule ng'ombe niliyemnunua mwaka ule Neema anaanza shule, tumbo limejaa kama pipa, nikamswaga nyumbani nikiimba. Kumbe walimlambisha chumvi usiku, asubuhi wakamwachia maji anywe mpaka akaumuka. Alikojoa njia nzima, na alipofika nyumbani wewe ukauliza mbuzi huyu nimemtoa wapi. Kwa hiyo kijana wa Singida tukamuaga vizuri. Picha nilikuwa nimeshaituma, na nilikosa moyo wa kuwaambia. Hizo ndizo siku nne nilizokuwa nakujibu kwa simu kwamba mambo yanaendelea.

Siku ya tano Fundi akasikia kuna gari Mkiwa, pale njia panda, kwa mzee mmoja dereva mstaafu anayeitwa Mzee Daudi. Tukashuka pale jioni. Gari lenyewe, mke wangu, ukiliona usilie. Zamani lilikuwa la bluu, sasa lina rangi ya sufuria isiyosuguliwa. Mlango wa kushoto umetoka kwenye gari jingine, ni wa kijani. Taa moja inatazama barabara, nyingine inatazama mashamba ya watu.

Lakini Fundi aliingia chini yake. Akagongagonga chesisi kwa nyundo kutoka mbele mpaka nyuma. Hakuna palipochomelewa. Springi za nyuma ni zile nene, zimeongezwa pande zote mbili. Akanitazama akiwa bado chali, akanikonyeza.

Hapo ndipo mumeo alipoharibu. Unajua sisi tulivyolelewa. Mnadani ukilipenda dume hulisifu mbele ya mwenyewe, unalitukana. Unasema pembe mbovu, kwato mbovu, na mwenyewe anakuambia ubovu uko kwenye macho yako, mnacheka, mnakubaliana. Baba alinifundisha hivyo na sijawahi kununua hata jogoo bila kumtukana kwanza. Nilipokonyezwa tu, nikaanza. Nikamuuliza Mzee Daudi kama anauza gari au banda la kuku. Nikamuuliza mlango wa kijani ni wa nini, au gari limeolewa na gari jingine. Nikapiga tairi teke nikasema hili hata likitolewa bure lina hasara.

Nikangoja anitukane macho. Yule mzee alifunga boneti taratibu kwa mikono miwili, akafunga milango yote, akatia ufunguo kwenye mfuko wa shati na kufunga kishikizo.

"Nendeni salama, vijana."

Mimi nina miaka hamsini na moja, Mama Neema. Akaingia ndani na pazia likaanguka nyuma yake.

Fundi Ramadhani, ambaye hasemi, siku hiyo alisema. Aliniambia dereva si mchunga ng'ombe, hauzi mifugo. Gari alilolala ndani yake miaka yote ile ni kama mkewe, na mimi nimesimama uani kwake nikimsema mkewe meno. Nikajibu kwamba kwetu ndiyo heshima. Akasema kwenu kuko Kiomboi, hapa ni Mkiwa, na kama nataka gari nikalale nikifikiria hilo. Mke wa Mzee Daudi ndiye aliyetuhurumia. Alitoka na maji ya kunywa, akasema mume wake hana kisirani cha kulala nacho, na kwamba kila alfajiri hulisalimia gari lake, hata siku asiyokuwa na safari.

Basi alfajiri tukawa pale. Nikamkuta anapangusa kioo. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakabaki machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Jana nilisema kama niko mnadani. Gari lako nililipenda, ndiyo maana nikalitukana. Kwetu mtu akilipenda dume hufanya hivyo. Na nimeuza maksai wanne wa nyumbani kwa ajili ya hili jambo, kwa hiyo naogopa, na nikiogopa naropoka. Nisamehe."

Alipangusa kioo mpaka kikatakata. Kisha akaniuliza maksai hao walikuwa wakivuta nini. Nikamwambia plau, na mkokoteni wa vitunguu, na mara moja walimvuta shangazi yangu mgonjwa mpaka barabarani. Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akasema:

"Jana hukujua hata pa kulitukania. Njoo nikuonyeshe."

Na kweli akanionyesha. Breki ya mkono haishiki, nitembee na jiwe la kuweka chini ya tairi. Gia ya pili haitaki haraka, ukiikimbiza inalia. Gia boksi inavuja tone moja moja, nisiongeze oili mpaka nipime. Mlango wa kijani ulitoka kwenye gari lililokufa, baada ya wa kwanza kubebwa na punda aliyekatiza barabara. Aliyasema yote hayo bila kupunguza sauti, kama mtu anayetoa wasifu wa binti kwa wakwe, na kila alipotaja kasoro Fundi aliitikia kwa kichwa, maana alikuwa ameshaiona. Mwisho akafungua boneti, akachukua mkono wangu akaubandika kwenye injini. Baridi kabisa, kama jiwe la mtoni. Akanipa ufunguo. Nilizungusha mara moja tu. Likawaka kabla sijamaliza kusema Bwana nisaidie, moshi kidogo, ukaisha.

Nikamwamini. Sikuliamini gari, Mama Neema, nilimwamini yeye. Sijui kama hiyo ndiyo njia ya kununua injini.

Kwa hiyo nimelinunua. Liko hapa nje ya karakana, kadi yake iko kwenye begi langu chini ya mto. Nimeshaliendesha kutoka Mkiwa mpaka Itigi, na nimebeba mizinga ya dada Rehema mpaka imefika juu ya kichwa cha gari, halikuinama. Lakini sitakudanganya. Nikilala nasikia milio. Asubuhi naenda kuchungulia lile tone chini ya gia boksi kama limekuwa kubwa kuliko la jana. Jana nilisikia kitu kinagonga nyuma nikasimama, nikashuka, nikazunguka mara tatu, nikakuta ni nyundo yangu mwenyewe. Fundi anasema gari liko sawa, mgonjwa ni mwenye gari.

Nitakuja Jumamosi, polepole, Fundi atanisindikiza mpaka Singida. Sasa nakuomba unisaidie pale nisipokuwa na ujasiri. Waambie kuhusu rangi kabla sijafika. Kaka Elia umwambie wewe, usimwachie Mama Tatu. Mwambie sikumnunulia sura, nimemnunulia mgongo. Akikasirika mwache akasirike siku mbili, ana haki. Mama mwambie gari limekuwa la bluu. Si uongo, pembeni ya tanki bado ni la bluu. Na wale wanaobishania zamu ya alizeti, wakiliona wakabadilisha mawazo, usiwabembeleze. Tutaanza na magunia yetu.

Nisalimie Neema na mdogo wake, waambie wakae mbali na gari nikiegesha mpaka nimeshaweka jiwe. Shangazi mkubwa wa kule bondeni nisalimie sana, na mwinjilisti pia, kwa usumbufu wa ile picha. Kaka Elia shikamoo yake nitampa mwenyewe mkononi. Shemeji, mkewe, mwambie asichinje kuku. Sitaki sherehe.

Jambo moja limebaki, na hili hata jikoni usilisome kwa sauti. Uliniambia juzi kwamba Baba Tatu ameziomba zile nira zetu na plau, kwa kuwa hatuna tena wa kuzivaa. Anaomba vizuri, na ni jirani, na ingekuwa roho mbaya kumnyima chuma kinachokula kutu. Mwambie mumeo atakuja kuamua. Halafu mimi nikija nitamwambia mke wangu bado hajaamua. Zitundike pale pale zizini, uzipake mafuta kidogo zisiingie mchwa, mpaka tuvune.

Mumeo anayekuja taratibu,
Baba Neema